Kuiona Kazi Kabla ya Kuichagua

Mhadhara kuhusu ushauri wa kazi kwa wanafunzi wa sekondari

Mwezi Juni mwaka 2014, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulijaa vijana, na siku hiyo hapakuwa na mechi. Zaidi ya wahitimu 10,000 walikuwa wameitwa kwenye usaili wa Uhamiaji. Nafasi zenyewe zilikuwa 70. Picha ya vijana waliovaa nadhifu, bahasha za vyeti mapajani, wameketi kwenye viti vya mashabiki, ilizunguka nchi nzima na haijasahaulika mpaka leo.

Miaka 11 baadaye foleni imerefuka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, zikaombwa na watu 135,027. Kipindi hichohicho, nafasi 14,648 za ualimu ziliombwa na watu 201,707.

Kauli inayosikika kila takwimu kama hizi zinapotoka ni fupi: ajira hakuna. Kauli hiyo ina ukweli, na mhadhara huu hauna nia ya kuupunguza. Ushauri wa kazi hauumbi ajira. Ajira huumbwa na viwanda, mashamba, biashara, mitaji na sera. Lakini foleni ya uwanjani ina swali lingine ndani yake. Vijana wale walisoma masomo tofauti, katika vyuo tofauti, wakiwa na vipaji tofauti. Ilikuwaje wote wakafikia mlango mmoja?

Jibu linaanzia mbali na ofisi ya Uhamiaji. Linaanzia darasani, siku ambayo mtoto anakabidhiwa fomu na kuambiwa achague njia yake, wakati kazi anazozijua ni zile anazojua majina yake tu.

Ramani ya mwaka 1961

Mwulize mtoto wa darasa la nne anataka kuwa nani. Daktari, rubani, mwalimu, askari, mwanasheria. Orodha hiyo haijabadilika sana kwa vizazi vitatu, na ina historia yake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha, nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka huohuo kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria, katika jengo la Mtaa wa Lumumba. Katika nchi ya namna hiyo, kijana aliyemaliza chuo hakutafuta kazi. Kazi ilimsubiri. Serikali ilipanga inahitaji wataalamu wangapi, ikawasomesha, ikawaajiri, ikawapa na nyumba.

Mzazi anayemwambia mwanawe leo asome hadi awe daktari au mhasibu wa serikali hakosei kwa ujinga. Anasoma ramani iliyompeleka kaka yake salama. Tatizo ni kwamba barabara zimehama. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliondoa utaratibu wa mhitimu kupangiwa kazi moja kwa moja. Kisha milango ya shule ikafunguka: elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita. Sasa kila mwaka zaidi ya watahiniwa nusu milioni hufanya mtihani wa kidato cha nne. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila ramani ya kuwaongoza madaktari 12 haiwezi kuongoza nusu milioni ya watu.

Nyerere mwenyewe aliliona hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotoka Machi 1967, alieleza kwamba asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari mwaka ule, ilhali shule iliendeshwa kana kwamba wote wanakwenda huko. Swali lake lilikuwa: wale waliobaki walifundishwa nini cha kuwafaa? Mtu anaweza kuliuliza leo kwa kubadilisha ngazi tu, kutoka sekondari kwenda chuo kikuu.

Kazi hubadilika vipande vipande

Watu husema kazi fulani imekufa. Ukiangalia kwa karibu, mara nyingi kilichokufa ni kipande chake, na vipande vilivyobaki vimehamia kwingine.

Mpiga chapa wa ofisi ni mfano ulio karibu. Alikuwa na taipureta yake, karatasi za kaboni na heshima yake, kwa sababu barua ya mkurugenzi ilipita mikononi mwake. Kompyuta ilipoingia, mkurugenzi akaanza kuandika barua zake mwenyewe. Lakini ukienda leo kwenye steshenari yoyote karibu na stendi au chuo, utamkuta kijana anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa niaba ya mwanafunzi, anaskani vyeti, anamsaidia mzee kupata namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na kurekebisha wasifu wa mtu anayeomba kazi. Kuandika haraka bila makosa ni ujuzi wa mpiga chapa. Kujua mifumo ya maombi mtandaoni na kumtuliza mteja mwenye wasiwasi ni ujuzi mpya. Hakuna shule iliyowahi kumwambia mtoto kwamba kazi hiyo itakuwapo.

Mfano wa pili ni wakala. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2006 hakuna mwanafunzi yeyote, Mombasa wala Mbeya, ambaye angeweza kuandika "wakala wa fedha kwa simu" kwenye fomu. Leo Safaricom peke yake ina mawakala zaidi ya 200,000 nchini Kenya. Mwanafunzi akikaa nusu siku nyuma ya kaunta ya wakala, atajifunza mengi kuliko kurasa kumi za kitabu. Ataona kwamba wakala ana mafungu mawili, floti ya kwenye simu na fedha taslimu za kwenye droo, na kwamba moja likiisha mteja anakwenda kibanda cha jirani. Ataona mwisho wa mwezi unavyovuruga hesabu hiyo. Atasikia ujumbe wa matapeli unavyoandikwa. Atatambua kwamba hesabu za darasani, utunzaji wa kumbukumbu na kusoma sura za watu ndivyo vinavyotenganisha kibanda kinachokua na kinachofungwa.

Akili unde nayo inakuja kwa njia hiyohiyo. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mjadala umekuwa kama itaua kazi ya mhasibu, ya mwandishi, ya mtafsiri. Lakini mhasibu hana kazi moja, ana kazi kumi ndani ya moja. Kuingiza tarakimu na kupanga jedwali ni vipande ambavyo mashine inavimudu. Kukaa na mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kumwelewesha kwa nini mauzo ni makubwa na faida ndogo, kutambua risiti isiyolingana na mzigo, kusimama mbele ya afisa wa kodi na kujibu kwa hoja, hivyo bado vinamtaka mtu. Kijana anayeandaliwa kwa tarakimu pekee anaandaliwa kwa kile kipande kinachoondoka.

Kwa hiyo swali la "kazi gani ina soko?" lina upungufu tangu linapoulizwa. Linalofaa zaidi ni: kazi hii imeundwa na shughuli zipi, na mimi naweza zipi?

Somo la gesi

Kuna wakati jibu la swali la soko lilionekana wazi kabisa, na ndipo lilipowaumiza wengi.

Kuanzia mwaka 2010, kampuni za kimataifa ziligundua gesi asilia kwa wingi katika kina kirefu cha bahari, pwani ya Lindi na Mtwara. Hesabu za serikali zilifika futi za ujazo trilioni 57. Magazeti yalijaa habari za kiwanda kikubwa cha kusindika gesi Lindi. Vyuo vikuu vikaanzisha shahada za mafuta na gesi. Wazazi wakawasihi watoto wachague huko, na walikuwa na sababu: kila dalili ilielekeza kusini. Bomba la kilomita 542 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015. Lakini kiwanda cha Lindi, ambacho ndicho kingeajiri wataalamu wengi, kilibaki kwenye meza ya mazungumzo. Hadi mwaka 2024 ujenzi wake ulikuwa haujaanza. Kijana aliyeingia chuo mwaka 2013 kwa ahadi hiyo alikuwa ameshavuka miaka 30.

Hadithi haiishii hapo. Gesi hiyohiyo ilizaa kazi mahali ambapo hapakutajwa kwenye vichwa vya habari. Madereva wa teksi na bajaji jijini Dar es Salaam walipoona tofauti ya gharama kati ya petroli na gesi, walianza kutafuta mafundi wa kubadilisha mfumo wa magari. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina karakana ya kazi hiyo. Fundi hufunga mtungi unaobeba gesi yenye mgandamizo wa takriban bar 200, hupitisha mabomba, hufunga kifaa cha kupunguza mgandamizo, huunganisha kompyuta ndogo inayoamua injini ivute petroli au gesi, kisha hupima uvujaji. Kazi hiyo inamtaka mtu anayejua umeme wa magari, anayeogopa mgandamizo kwa akili, na asiyeruka hatua.

Funzo hapa si kwamba shahada ya gesi ilikuwa kosa. Funzo ni kwamba mradi mmoja mkubwa si soko la ajira. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Kulijenga kunataka wachomeleaji, madereva wa mitambo, wapishi wa kambini na wapima ardhi kwa maelfu. Kuliendesha likishafukiwa kunataka watu wachache. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza "mradi huu unahitaji watu gani wakati wa kujenga, na gani wakati wa kuendesha?" atachomelea bomba huku akihakikisha cheti chake kinakubalika kwenye meli, kwenye kiwanda cha sukari na kwenye reli.

Reli yenyewe ni ushahidi. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Ghafla nchi ikahitaji madereva wa treni za umeme, mafundi wa nyaya za juu na waongozaji wa mifumo ya ishara. Fundi umeme na fundi mitambo waliokuwa na misingi imara walikuwa karibu na kazi hizo kabla hazijapata majina.

Tahasusi 65 na mtoto wa miaka 13

Serikali za Afrika Mashariki zimeuona mwelekeo huu, na zimefungua njia nyingi zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilitangaza tahasusi, yaani makundi ya masomo, mpya 49 za kidato cha tano, zikaungana na 16 za zamani kufanya 65. Pembeni ya PCB, PCM, EGM na HKL, kukaingia tahasusi za michezo, sanaa, muziki na lugha ambazo zamani hazikuwa na mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili tangu kidato cha kwanza: elimu ya jumla na mafunzo ya amali. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Kenya nayo inaachana na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Wanafunzi wake wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari ya juu Januari 2026, wakigawanyika katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo.

Haya ni mageuzi mazuri, na yanastahili kutetewa. Ila yamesogeza uamuzi karibu zaidi na utoto. Zamani mtoto aliamua akiwa kidato cha tatu, alipoanza kuacha baadhi ya masomo. Sasa mtoto wa miaka 13 anaweza kujikuta kwenye mkondo wa amali au wa jumla kwa sababu tu shule iliyo karibu na nyumbani ina mkondo huo. Orodha yenye njia 65 mbele ya mtu asiyezijua haimpi uhuru zaidi. Atachagua ileile aliyochagua dada yake, au ile ambayo rafiki yake anakwenda.

Chukua mwanafunzi wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Tangu enzi na enzi ameambiwa atakuwa mwalimu, au mwanasheria akibahatika. Hakuna aliyemwonyesha kwamba Februari 2022 Umoja wa Afrika uliridhia Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, kwamba Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina kanzidata ya wataalamu wa kufundisha, kutafsiri na kukalimani ambayo mtu huomba kuingizwa. Hajawahi kuketi kwenye kibanda cha wakalimani na kuona jinsi watu wawili wanavyopokezana, kwa sababu ubongo huchoka haraka. Akiona hilo mara moja, atajua kama lugha kwake ni somo la kufaulu au ni kazi ya kufanya.

Nguzo iliyosahaulika

Januari 1908, mjini Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Mji ulikuwa umejaa wahamiaji na vijana waliotoka mashambani, viwanda vilikuwa vinabadilika kila mwaka, na shule hazikujua la kuwaambia. Parsons alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Mafundisho yake yalikuwa na nguzo tatu: kijana ajijue mwenyewe, aijue kazi, kisha aoanishe hayo mawili kwa kufikiri vizuri.

Shule nyingi za ukanda huu, zinapofanya ushauri wa kazi, hushughulika na nguzo ya kwanza. Mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye pia ana vipindi vya kufundisha na zamu ya wiki, humwuliza mwanafunzi anapenda nini. Au huja mgeni mmoja kwenye mahafali, mtu aliyefanikiwa, akawaambia watoto wawe na ndoto kubwa na wamche Mungu. Nasaha hizo ni njema. Lakini nguzo ya pili, kuijua kazi yenyewe, inabaki tupu, na bila hiyo ya tatu haina cha kuoanisha.

Kuijaza nguzo hiyo hakuhitaji maabara. Darasa la wanafunzi 60 lina wazazi na walezi zaidi ya 60, na kila mmoja anafanya jambo. Mwalimu anaweza kumtaka kila mwanafunzi amhoji mtu mzima mmoja kwa maswali matano tu: Unafanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Unatumia vifaa gani? Nani anakulipa, na kwa nini anakubali kulipa? Uliingiaje kwenye kazi hii? Nini kimebadilika kwa miaka mitano iliyopita? Majibu 60 yakibandikwa ukutani, shule imepata kitabu cha kazi za wilaya yake ambacho hakuna mchapishaji anayeweza kukiuza. Muuguzi wa zahanati atamwonyesha msichana kwamba nusu ya kazi yake ni kuandika taarifa. Mfugaji atamwonyesha mvulana kwamba maziwa yanayokataliwa kwenye kituo cha kukusanyia hukataliwa kwa kipimo, na kipimo hicho ni kemia.

Wasichana wana haja ya pekee hapa. Msichana ambaye hajawahi kumwona mwanamke juu ya nguzo ya umeme au chini ya gari hakatai kazi hiyo. Haipo kabisa kwenye orodha yake. Mwanamke mmoja fundi akija shuleni na mkanda wake wa vifaa, akafungua swichi mbele ya darasa na kuifunga tena, ameongeza mstari kwenye orodha ya kila msichana aliyemwona.

Miezi saba ya kungoja

Kuna muda ambao mfumo wa Tanzania tayari umeutoa bure. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Matokeo hutoka karibu na mwisho wa Januari. Kisha mfumo wa uchaguzi wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hufunguliwa ili mhitimu aweze kubadilisha tahasusi au chuo alichochagua. Kidato cha tano huanza Julai. Kati ya mtihani na kidato cha tano kuna takriban miezi saba, na ndani yake kuna fursa ya kurekebisha uamuzi.

Kwa familia nyingi miezi hiyo huenda kwenye kungoja, au kwenye tuisheni ya kuanza masomo ya kidato cha tano mapema. Ingeweza kuwa miezi ya kuonja kazi. Wiki tatu gereji, wiki tatu dukani kwa shangazi, mwezi shambani wakati wa palizi, kozi fupi katika chuo cha ufundi stadi cha VETA kama ada inapatikana. Kijana atakayegundua Machi kwamba hawezi kuvumilia damu ameokoa miaka mitano ya udaktari asioutaka, na bado ana nafasi ya kubadili fomu. Mwingine atagundua kwamba mikono yake ina akili ambayo mtihani haukuipima.

Kwa yule ambaye hakuchaguliwa kuendelea, kuonja huko kunaweza kuwa mwanzo wa safari rasmi. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti kinachotambulika. Serikali nayo ina programu za uanagenzi zinazompa kijana mafunzo huku akiwa kazini. Njia hizi zipo. Wanaozijua ni wachache mno, na wengi huzisikia baada ya kukaa nyumbani miaka mitatu.

Ndiyo maana ombi la mhadhara huu kwa wakuu wa shule, walimu na wazazi ni dogo na linawezekana muhula ujao. Kabla fomu za uchaguzi hazijagawiwa, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aulizwe: umeshuhudia kazi ngapi zikifanywa, kuanzia zinapoanza asubuhi hadi zinapofungwa jioni? Mwenye angalau tatu apewe fomu. Asiyefikisha tatu apewe barua ya utambulisho, aende zahanati, karakana, ofisi ya kata au soko la samaki akashinde siku moja huko, arudi na daftari limejaa, ndipo akabidhiwe kalamu ya kuchagua.